Je, nyota ndogo huzaliwa kwa hesabu moja kila mahali?

MkaraniDikoni aliandika:

Assalaam aleikum wanabaraza.

Kazi yangu ni mizani. Huu ni mwaka wa 21 niko diko moja hapa Mombasa. Mashua ikifika, makapu yakishateremshwa, samaki wanachambuliwa, tafi kando, changu kando, pono kando, kisha napima na kuandika daftarini. Nasema haya mjue suala langu limetoka wapi.

Wiki ilopita mpwa wangu, binti wa dada yangu alo kidato cha tatu, alikuja nyumbani na darubini ya macho mawili ya kuazima kwa mwalimu wake. Kaskazi inavuma, mbingu safi, na mtaa wetu haukuwa na umeme tangu magharibi. Tukatandika mkeka juu ya paa. Ilipofika saa tatu Jabari (Orion kwa Kizungu) alikuwa utosini hasa, hata ilibidi tulale chali kumtazama. Pale kwenye upanga wake, karibu na zile nyota tatu za mshipi, pana nyota moja ambayo kwa jicho tupu huonekana kama imetiwa ukungu. Kwenye darubini ule ukungu ulikunjuka kama bawa la popo, na katikati yake vitone vimebanana hata sikuweza kuvihesabu. Nilirudia mara tatu, mkono ukitetemeka kwa kuinua darubini muda mrefu.

Binti akaniambia, "Mjomba, pale ndipo nyota zinapozaliwa. Ziko maelfu, na nyingi ni ndogo kuliko Jua."

Nimekaa na neno hilo siku nane sasa. Katika daftari langu, mahali ndipo pana hesabu yote. Samaki wa mkondo wa ndani, penye mikoko, ni wadogo wadogo. Wa nje ya mwamba ni wakubwa. Niletee karatasi ya uzito peke yake, bila ya jina la mashua, nitakwambia walivuliwa wapi, na mara nyingi sikosei.

Basi nauliza: nyota nazo ni hivyo? Zile zinazozaliwa penye msongamano na joto kama pale upangani mwa Jabari, na zile zinazozaliwa penye upweke na baridi, hutoka na mgawanyo mmoja wa wadogo na wakubwa? Mtu wa mizani ya mbinguni akipewa karatasi ya uzito tu, angejua zilizaliwa wapi?

BintWaTudor alijibu:

Waaleikum salaam, na shikamoo mzee wangu. Suala hili ndilo nalalia na kuamkia. Nasomea falaki, niko kwenye shahada ya uzamili, na utafiti wangu ni huuhuu wa kuhesabu nyota ndogo kwenye mafungunyota machanga.

Kwa mitaa ya jirani na sisi angani, usingejua. Karatasi zinafanana mno, hata inashangaza. Ukienda mbali sana, kwenye galaksi za aina nyingine au kwa nyota zilizozaliwa zamani za kale, hapo karatasi zinaanza kuachana.

Lakini tuelewane kwanza karatasi yenyewe ikoje. Mwaka 1955 Edwin Salpeter alizihesabu nyota za jirani na Jua kwa uzito wake. (Nasema uzito, ingawa Mwalimu wa fizikia akipita hapa atataka niseme tungamo.) Alipata kwamba ukishuka kutoka nyota zenye uzito wa Jua 10 hadi zenye uzito wa Jua 1, idadi hupanda mara ishirini na kitu. Wadogo wengi, wakubwa haba, kama kapu lako. Ila mstari wa Salpeter hauendi hivyo hadi chini. Kazi za Pavel Kroupa mwaka 2001 na Gilles Chabrier mwaka 2003 zilionyesha kwamba ukifika nusu ya uzito wa Jua mstari unalegea, idadi inafika kilele kwenye 0.2 hivi ya uzito wa Jua, halafu inaanza kushuka. Hapo nyota zinaachana na samaki, mzee. Nyota ina kimo chake inachopenda kuzaliwa nacho, na walio wadogo kuliko hapo wanapungua.

Nyota za kileleni ni vibete vyekundu. Takriban robo tatu ya nyota zote zilizotuzunguka ni hivyo. Ukishuka hadi 0.08 ya Jua, yaani kama uzito wa sayari ya Mshtarii (Jupita) mara 80 hivi, kiini hakipati joto la kutosha kuunguza haidrojeni, na kitu hicho tunakiita kibete cha kahawia. Kinang'aa kwa joto la kuzaliwa kwake, kisha kinapoa aste aste maisha yake yote.

Sasa mahali. Tazama kaskazini, pembeni mwa Kilimia. Pale pana mawingu ya gesi na vumbi ya kundinyota la Ng'ombe, Taurus kwenye ramani, umbali wa miaka ya nuru 450 hivi. Nyota zinazaliwa humo mbili hapa, moja kule, kama vijumba vya shambani, na hakuna jitu la kuzimulika. Jabari yuko mbali zaidi, miaka ya nuru 1,300 na kitu, na kule nyota zimebanana kama nyumba za Mji wa Kale. Katikati yao pana Theta-1 Orionis C, nyota yenye uzito wa Jua zaidi ya 30. Mwanga wake mkali unawachoma majirani. Picha za darubini ya Hubble za miaka ya 1990 zilionyesha sahani za gesi za nyota changa zikiwa na umbo la viluwiluwi, kichwa kimeelekea kwa jitu, mkia umepeperushwa upande wa pili.

Huwezi kupata mitaa miwili iliyo tofauti zaidi ya hii. Na kwa miaka kadhaa tuliamini kwamba watoto wake pia ni tofauti. Hesabu za mwanzo za Taurus zilitoka na vibete vya kahawia haba, na nyota za karibu 0.8 ya Jua zikawa nyingi kupita kiasi. Watu wakajenga nadharia juu ya hilo. Kisha eneo la kutafuta likapanuliwa, na chombo cha Gaia cha Ulaya kikapima umbali na mwendo wa nyota moja moja, ikajulikana nani ni mwenyeji na nani anapita tu. Mwaka 2018 Kevin Luhman alipohesabu eneo zima upya, kilele kilitua kwenye 0.15 ya Jua, palepale kilipo kwa Jabari na kwa fungunyota la IC 348.

Halafu kuna fungunyota la RCW 38, umbali wa miaka ya nuru 5,500 hivi, penye msongamano kuliko hata kwa Jabari na majitu mengi. Koraljka Mužić na wenzake waliitazama kwa darubini ya VLT iliyoko Chile, matokeo yakatoka 2017. Walitegemea kama mahali pana athari, hapo itajitokeza. Wakapata kwamba kule, sawa na kwenye mafungunyota matulivu ya karibu, kila kibete kimoja cha kahawia kina nyota 2 hadi 5. Nami nimeipitia ile hesabu mstari kwa mstari, na naiamini.

MkaraniDikoni aliandika:

Marahaba mwanangu, Mungu akuzidishie. Nimeyasoma maneno yako mara mbili, ya pili nikiwa na daftari mkononi, maana hiyo habari ya Taurus naijua. Ilinipata.

Miaka kadhaa nyuma alikuja afisa mmoja kukusanya takwimu. Akachukua karatasi zangu za miezi mitatu, akaona tafi wa mwamba mmoja ni wakubwa watupu, na tafi wa mwamba wa pili ni wadogo watupu. Akaandika kwamba mwamba wa pili umevuliwa kupita kiasi, samaki hawapewi nafasi ya kukua. Wavuvi wa kule wakaingia mashakani, kukawa na vikao juu ya vikao. Nami nilinyamaza siku mbili kabla ya kusema, na hizo siku mbili zinaniuma mpaka leo. Watu wa mwamba wa kwanza walikuwa wanavua kwa malema ya kusukwa, matundu makubwa, tafi mdogo anaingia na kutoka apendavyo. Wa mwamba wa pili walikuwa na wavu wa macho madogo. Nilikuwa najua, kwa sababu mimi ndiye nilokuwa naona kila mashua ikishusha vyombo vyake. Lakini daftari halikuwa na safu ya chombo. Nilipoiongeza hiyo safu, tofauti ya miamba miwili ilipungua ikabaki kidogo tu.

Ndiyo maana nataka kukubana. Nyinyi hamna mizani ya kuiweka nyota. Mnajuaje uzito wake? Na mnajuaje kwamba ilo ndani ya kapu ni ya kapu hilo, si mpita njia? Ukinijibu hayo ndipo niamini ile habari ya galaksi za mbali.

MwalimuKisauni alijibu:

Bint, umenitaja, nimefika. Nafundisha fizikia sekondari, na nina pingamizi.

James Jeans alishatupa hesabu hii mwaka 1902. Tonge la gesi hujikunja likawa nyota pale uzito wake unaposhinda msukumo wa joto lake. Ukiongeza joto mara mbili na msongamano ukibaki vilevile, tonge dogo kabisa linaloweza kujikunja linakuwa zito mara 2.8. Ukiongeza msongamano mara 100, linakuwa jepesi mara 10. Hii siyo rai, wanafunzi wangu wanaikokotoa ubaoni. Sasa mawingu ya Taurus na ya RCW 38 yana msongamano tofauti mno. Kilele chenu kilipaswa kuhama. Mkisema hakihami, ama Jeans alikosea ama mizani yenu haina uwezo wa kuona kuhama kwenyewe. Mkarani ameuliza sawasawa.

BintWaTudor alijibu:

Naanza na mizani, kwa sababu mzee ana haki.

Nyota changa tunaipima kwa mwanga. Tunachukua mng'ao wake na joto la uso wake, tunaiweka kwenye majedwali ya nadharia yanayosema nyota ya umri fulani na uzito fulani hung'aa vipi, tunasoma uzito. Udhaifu ni umri. Kibete cha kahawia cha miaka milioni 1 kinang'aa zaidi kuliko kilekile kikifika miaka milioni 5, kwa hivyo ukikosea umri umekosea na uzito. Tena nyota nyingi ni pacha, na pacha waliokaribiana wanaonekana mmoja: wawili wepesi wanaandikwa mzito mmoja. Na vumbi linaficha wadogo kwanza. Hizi ndizo safu zetu za chombo, na asiyeziandika hesabu yake naiweka kando.

Kuhusu mpita njia, hili nimelifanya kwa mikono yangu. Unachukua mwanga wa infraredi, ule wa joto usioonekana kwa jicho, wa kitone kimoja, unautandaza, unachora mchoro wa nguvu yake. Nyota ya mbali, kongwe, iliyojificha nyuma ya vumbi, mchoro wake kwenye kipande fulani hupanda na kushuka kwa mgongo wa mviringo. Kibete cha kahawia kichanga, kwa sababu kingali kimefura na mvuke wa maji uko angani mwake, mchoro wake pale unachongoka: mteremko huku, mteremko huku, ncha juu. Ni tanga la mashua. Siku ya kwanza nilipouona ule mchoro kwenye skrini nilikuwa nimeshapitia vitone 31, vyote migongo ya mviringo, vyote wapita njia. Cha 32 kikatokeza na tanga. Nilisimama kwenye kiti nikamwita aliyekuwa chumba cha pili aje aone.

Ndiyo maana hesabu ya zamani na ya sasa hazilingani uzito kwenye mizani yangu. Zamani wengi walihesabiwa kwa rangi tu. Siku hizi tunawapitia mmoja mmoja.

Mwalimu, Jeans hakukosea. Ila ubaoni unalishika joto kwa mkono mmoja na msongamano kwa mkono mwingine, kama vitu viwili visivyojuana. Ndani ya wingu vinajuana. Gesi iko kwenye nyuzi 263 chini ya sifuri, yaani kelvini 10, na haipandi ovyo kwa sababu chembe za vumbi zinamwaga joto nje kwa njia ya infraredi. Tonge linapojikunja likawa zito zaidi na zaidi, inafika hatua mwanga huo hauwezi tena kupenya. Joto linanaswa ndani, na kuanzia hapo tonge haligawanyiki tena. Hapo ndipo sakafu ya uzito inapowekwa, na sakafu hiyo inategemea vumbi na gesi yenyewe kuliko mtaa. Iko chini sana: mwaka 2023 darubini ya James Webb ilipata ndani ya IC 348 kitu chenye uzito wa Mshtarii 3 au 4 tu, kinachoelea peke yake.

Hiyo ni sakafu. Kilele nacho kinashikwa na watoto wenyewe. Matthew Bate alionyesha mwaka 2009, kwa kuiga wingu zima ndani ya kompyuta, kwamba nyota ikianza kuzaliwa tu inapasha joto gesi iliyoizunguka, na gesi ile haikatiki tena vipande vidogo. Sasa fikiria mahali penye msongamano. Kwa hesabu yako ya ubaoni vipande vinapaswa kuwa vyepesi. Lakini kwa kuwa vimebanana, joto la mmoja linamfikia jirani na kuzuia asikatike. Msongamano unavuta kilele chini, joto la majirani linakirudisha juu. Penye upweke hakuna mvuto huo wala huo. Matokeo yake kilele kinahama kidogo sana, kuliko kanuni ya Jeans peke yake inavyodai.

Ziko njia nyingine za kupata wadogo. Mtoto anaweza kusukumwa na nduguze akatoka winguni kabla hajashiba. Jitu linaweza kulichoma tonge likabaki na nusu ya ukubwa wake. Zote mbili zinatokea, na mahali kama RCW 38 zingetakiwa kuzaa vibete vya kahawia kwa wingi wa kupindukia. Haukuonekana wingi huo. Msimamo wangu ni kwamba ni njia za pembeni, na wengi wa wadogo huzaliwa vilevile kama wanavyozaliwa wakubwa.

Serahangi alijibu:

Mimi nilikuwa baharini miaka 34, na ninyi mnanifurahisha roho. Melini, ukishatoka Kilindini usiku mmoja na nusu, hakuna taa hata moja, Kilimia unakiona nyota sita, mwenye macho mazuri saba, na yule Jabari anang'aa hadi anaakisi majini. Wazee wetu walilima na kusafiri kwa Kilimia: kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.

Bint, Kilimia nacho ni kishada cha nyota. Hao vibete vyako vya kahawia wamo humo?

BintWaTudor alijibu:

Wamo, mzee wangu, na historia yao imeanzia humo. Shiv Kumar alitabiri kuwepo kwao mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wakatafutwa miaka thelathini na kitu bila ya mafanikio. Mwaka 1995 Rafael Rebolo na wenzake wa visiwa vya Kanari walimpata mmoja wa kwanza ndani ya Kilimia, wakamwita Teide 1, kwa jina la kituo cha darubini cha Teide, kisiwani Tenerife. Kwa hivyo kile kilichowaelekeza mabaharia wetu kilikuwa kimembeba yule waliyemtafuta miaka yote hiyo.

Na sasa ahadi yangu kwa Mkarani, hizo karatasi za mbali.

Mwaka 2010 Pieter van Dokkum na Charlie Conroy walitazama galaksi kubwa za umbo la yai, zile zilizotengeneza nyota zake kwa pupa, zamani, penye msongamano wa kutisha. Nyota moja moja hazionekani kule. Mwanga wote unakuja kama mchanganyiko, na wao wakachomoa ndani yake alama mbili, ya sodiamu na ya muungano wa chuma na haidrojeni, ambazo hukolea pale vibete vyekundu vinapokuwa vingi. Zilikuwa zimekolea kuliko inavyotarajiwa. Kule wadogo wamezidi.

Kwa upande wa pili kuna vigalaksi hafifu vinavyotuzunguka, vyenye uhaba mkubwa wa metali (sisi huita metali kila elementi nzito kuliko heliamu). Marla Geha na wenzake mwaka 2013 walitumia Hubble kuhesabu nyota moja moja kwenye viwili vyao, Hercules na Leo IV, zenye uzito kati ya 0.52 na 0.77 ya Jua. Kule wadogo walikuwa wachache kuliko huku kwetu.

Na nyumbani kwenyewe, ndani ya Njia Nyeupe, galaksi yetu: mwaka 2023 Jiadong Li na wenzake walichambua vibete vyekundu 93,000 vilivyo kati ya miaka ya nuru 330 na 980 hivi kutoka kwetu, kwa data za Gaia na za darubini ya LAMOST ya China. Nyota za kizazi cha kale zina wadogo wachache. Katika vizazi vya karibuni, kadiri metali inavyoongezeka ndivyo wadogo wanavyoongezeka. Hii kwangu ndiyo nzito kuliko zote, kwa sababu wameitumia mizani moja na wavu mmoja kwa wote. Safu ya chombo imejazwa, mzee.

Ukiitazama kwa jicho la Mwalimu, inaingia akilini. Metali na vumbi ndivyo vinavyopoza gesi. Vikiwa haba, gesi inabaki na joto, tonge linahitaji uzito zaidi kujikunja. Na zamani anga lote lilikuwa na joto zaidi: mwanga uliosalia tangu mwanzo wa ulimwengu leo uko kelvini 2.7, lakini zama zile ulimwengu ulipokuwa robo ya upana wake wa sasa ulikuwa karibu kelvini 11, na wingu haliwezi kupoa chini ya hapo. Kwa hivyo msongamano wa mtaa mmoja na mwingine hapa jirani haubadilishi sana. Kinachobadilisha ni kile wingu lilichopikwa nacho, na zama lilizopikwa.

MwalimuKisauni alijibu:

Nimekubali kuhusu joto la majirani, na kesho naifuta ile mistari miwili ubaoni niandike upya. Galaksi za yai bado nina shaka nazo, maana alama ya sodiamu inaweza kukolea pia kwa sababu sodiamu yenyewe ni nyingi. Wameliangalia hilo?

BintWaTudor alijibu:

Ndiyo sababu wakatumia alama mbili, Mwalimu. Ile ya chuma na haidrojeni haibebwi na sodiamu. Lakini shaka yako ni ya haki na wengi wanayo: mwanga wa jumla hauna nguvu ya ushahidi ya nyota iliyohesabiwa mkononi. Nikipewa nichague, nasimama na wale 93,000.

MkaraniDikoni aliandika:

Wanangu, ndugu zangu, ahsanteni.

Jana alfajiri, saa kumi, nikielekea diko, nilisimama ufuoni nikatazama kusini juu ya Likoni. Rijili Kantori ilikuwa imeshapanda, ile nyota kubwa nyeupe. Mpwa wangu alikuwa ameniandikia kwenye karatasi kwamba pembeni yake yupo Proxima, kibete chekundu, uzito wake 0.12 ya Jua, ndiye jirani yetu wa karibu kuliko wote, miaka ya nuru 4.2. Nilikodoa macho mpaka machozi yakanitoka. Haonekani. Binti anasema si yeye tu: vibete vyekundu vyote, hao robo tatu ya wote, hakuna hata mmoja ambaye jicho tupu linamwona vizuri. Basi zile nyota zote nilizozitazama tangu utotoni, mimi na marehemu baba yangu tukirudi kuvua, ni wale wakubwa tu walonaswa. Wengine wamepita kwenye macho ya wavu miaka hii yote, na mimi sikujua kwamba wapo.

Nimefungua kurasa mbili nyuma ya daftari. Mpwa wangu amechora safu: jina la fungunyota, umbali, nyota ngapi kwa kila kibete cha kahawia, darubini gani. Hiyo ya darubini nimesema iwe ya kwanza kabla ya zote. Taurus, Jabari, IC 348 na RCW 38 tumeshaziandika majina. Bint, ukipata nafasi tujazie umbali wa IC 348 na wakazi wa jirani na Jua, binti ananidai.

BintWaTudor alijibu:

IC 348 ni miaka ya nuru 1,000 hivi. Kwa jirani na Jua andika hivi: ndani ya miaka ya nuru 65, hesabu ya Davy Kirkpatrick na wenzake ya mwaka 2024, jumla takriban 3,600, nyota 4 kwa kila kibete kimoja cha kahawia. Safu ya darubini muachie nafasi pana, walitumia nyingi.

Mwisho wa mwezi nakuja nyumbani Tudor kwa wiki mbili, mwezi utakuwa mchanga na Jabari bado yuko juu mapema. Nitabeba darubini ya miguu mitatu. Mwambie binti aweke mkeka tayari.